Laptop ya Arobaini

Kabla ya msiba, asubuhi katika nyumba ile ilianza na ndizi. Paulina alikaa uani akichambua mikungu, mbivu huku, za kesho kule. Kisha alijitwisha beseni na kushuka stesheni ya Kidete kungoja treni. Abiria wengi walimjua kwa kicheko chake. Treni ilipoanza kuondoka kabla hajalipwa, alitembea nayo sambamba, mkono juu dirishani, akidai hela yake huku anacheka. Ndizi hizo ndizo zilizomfikisha binti yake mkubwa, Selestina, chuoni Morogoro.

Sasa beseni lilikuwa limefunikwa kando ya jiko. Paulina alifariki wakati wa masika, kwa shinikizo la damu. Mto Mkondoa ulikuwa umefurika, barabara imekatika, na gari halikuwahi kumfikisha hospitali. Mumewe, Alfred, alikuja kuzika. Baada ya siku chache alirudi Ruhembe kukata miwa, kwa sababu angechelewa nafasi yake ingechukuliwa na mwingine.

Nyumbani akabaki Selestina na mdogo wake, Doto, mtoto wa miaka saba. Selestina aliwasha moto, akachota maji, akampeleka Doto shule, akarudi kupalilia. Doto alilala amekumbatia kanga ya mama yao. Selestina hakuwa na moyo wa kuifua.

Siku ya arobaini ukoo wa mama ungekutana. Siku hiyo ndiyo watu wangeamua kama Selestina anarudi chuoni au anabaki kumlea Doto. Mama yao mkubwa, Filomena, alikuwa ameshasema neno lake.

"Chuo kinaweza kungoja," alisema. "Mtoto hawezi."

Lakini chuo nacho kilikuwa na masharti. Selestina alikuwa anasomea kompyuta na utunzaji wa kumbukumbu. Kwa ajili ya msiba alikosa mazoezi mengi ya vitendo. Mwalimu wake alimwambia kwa simu kwamba angeweza kuyafanya nyumbani na kuyawasilisha chuo kikifunguliwa. Asipofanya hivyo, angerudia mwaka. Ada ya kurudia mwaka haikuwepo, wala mtu wa kuilipa.

Ili ayafanye nyumbani, alihitaji kompyuta yake mwenyewe, tena yenye mifumo endeshi miwili. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Nusu ya mazoezi yake yalifanyika kwenye mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure. Nusu nyingine ilitumia programu ya hesabu inayokubali Windows peke yake. Mashine moja inaweza kubeba yote miwili. Ukiiwasha, inakuuliza unataka kuingia upi.

Rambirambi ya msiba ilikuwa mikononi mwa Melkizedek, kaka wa marehemu. Ndiyo desturi ya ukoo wao. Mjomba hutunza rambirambi, na siku ya arobaini husimama mbele ya watu wote na kuonyesha imefanya nini. Melkizedek alikuwa mzee wa kanisa, mwenye baiskeli iliyong'arishwa kila Jumamosi. Kwa baiskeli hiyo alibeba ndizi za watu kuzishusha stesheni. Alikubali kwamba rambirambi inunue laptop.

"Dada yangu alitaka usome," alisema. "Tutanunua. Siku ya arobaini nitaiweka mezani waione."

Walikwenda Kilosa, kisha wakapanda basi la Mikumi. Duka lilikuwa kando ya barabara kuu, karibu na mahali malori hupumzika. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi. Upande mmoja wa duka zilipangwa laptop nene, nyeusi, zenye mikwaruzo, zilizotumika maofisini huko nje. Upande mwingine kulikuwa na maboksi mapya yaliyofungwa kwa nailoni.

Chuoni Selestina aliwahi kuwasikia wenzake wakisema kwamba zile nene nyeusi ndizo zinazofaa, kwa kuwa hufunguka na kuongezwa uwezo. Alimgusa mjomba wake mkono.

"Mjomba, tungeuliza kwanza hizi hapa."

"Hizo zimetumiwa na watu tusiowajua," mjomba alisema bila kugeuka. "Rambirambi ya dada yangu inunue mtumba? Siku ya arobaini niwaambie nini watu?"

Selestina aliuondoa mkono wake. Hakuwa amezoea kubishana na mjomba wake, na mbele ya mtu baki ndiyo kabisa.

Melkizedek aliomba kuiona iliyomo ndani ya boksi. Muuzaji alimjibu kwamba nailoni ikichanwa, mali imeshanunuliwa. Mjomba hakukasirika. Alilipenda jibu hilo. Alitaka kitu ambacho hakijaguswa na mtu. Aliuliza mambo mawili tu, kama ni mpya na kama ni nyepesi.

"Nyepesi kama daftari, mzee wangu," muuzaji alisema.

Njia nzima ya kurudi mjomba aliipakata, kama mtu anayerudi na mtoto kutoka ubatizoni.

Laptop ilikuwa nzuri kuitazama. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha. Kwanza Selestina alihamishia humo picha za mama yake, kwa sababu simu yake ilikuwa imejaa. Ilikuwemo pia video fupi. Mama alikuwa stesheni, anatembea sambamba na treni, mkono juu, anacheka. Baada ya kuihamisha, Selestina aliifuta kwenye simu ili apate nafasi.

Kila jioni Doto alikaa karibu naye na kusema, "Washa tumwone mama." Waliitazama mara moja, halafu Doto akaenda kulala.

Kazi yenyewe ndiyo iliyokataa. Windows peke yake ilijaza karibu nafasi yote. Selestina alipojaribu kuongeza Linux, mashine ilimjibu kwamba hakuna nafasi. Alifuta programu moja, akafuta nyingine, bado. Arobaini ilikuwa inakaribia. Aliona aibu kumwambia mjomba. Akaibeba hadi kwa fundi mmoja Kilosa mjini.

Fundi alisema kuweka mifumo miwili ni kazi ndogo, aje jioni. Hakuuliza kilichomo ndani. Selestina naye hakusema.

Jioni mashine iliamka na Linux peke yake. Windows haikuwepo. Intaneti haikushika. Selestina alitafuta picha kila mahali.

"Picha zangu ziko wapi?"

"Ungeniambia kuna picha," fundi alisema.

Selestina alitaka kumwambia kwamba naye hakuuliza. Alishukuru, akalipa, akatoka. Ndivyo alivyokuwa.

Nyumbani Doto alikuwa ameshanawa miguu na kukaa mkekani. "Washa tumwone mama."

"Chaji imeisha," Selestina alisema.

Kesho yake alisema hivyo tena. Siku ya tatu Doto hakuuliza. Alichukua kanga akaenda kulala mapema.

Mwisho wa wiki Filomena alikuja na unga. Alimkuta Selestina amekaa mbele ya laptop, kioo cheusi.

"Ndilo hilo lililomeza rambirambi?" aliuliza. "Hata kioo changu cha ukutani huwa kinanionyesha uso."

Selestina aliinama. Filomena aliutua unga akamtazama kwa muda. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amemzika mdogo wake wa mwisho, na alikuwa amechoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana chuki na shule. Anachokiona ni mtoto anayelala na kanga ya maiti, na dada mtu anayelala na sanduku.

Jirani yao alikuwa na mkwe aitwaye Vaileth, mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari Kilosa. Mwisho wa wiki huja Kidete kwa wakwe zake. Alasiri hiyo alipita kutoa pole, akaiona laptop.

"Mbona mmekaa nayo kama mnaivulia kofia?" alisema.

Doto alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Hapo Selestina akaanza kulia, na katika kulia akasimulia yote.

Vaileth aliisikiliza habari mpaka mwisho. Kisha aliigeuza laptop, akaangalia mgongo wake. Akaiwasha, akasoma maelezo ya ndani. Wakati huo mjomba Melkizedek aliingia uani akisukuma baiskeli yenye mikungu.

"Shikamoo mzee," Vaileth alisema.

"Marahaba, mwalimu. Kuna nini hapa? Huyu analia nini?"

Melkizedek aliiegemeza baiskeli, akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Ndipo Vaileth akaeleza, polepole, bila kumtazama machoni.

"Mzee, mashine hii si mbovu. Imepewa kazi isiyo yake. Hifadhi yake, yaani mahali inapoweka vitu vyake, ni giga sitini na nne. Windows inamaliza karibu yote. Na hifadhi hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani. Huwezi kuitoa uweke kubwa zaidi. RAM yake, yaani kumbukumbu inayotumia ikiwa kazini, ni hivyo hivyo. Ni ndogo, na haiongezeki."

"Si ni mpya?" mjomba aliuliza.

"Ni mpya. Upya hauongezi nafasi."

Mjomba alitaka kujua mifumo miwili inakaaje ndani ya mashine moja. Vaileth alitazama mteremko wa nyuma ya nyumba, ambako shamba la marehemu lilipakana na la ndugu zake.

"Mlipogawana shamba lile, mlifanyaje?" aliuliza.

"Tulipima. Tukaweka mpaka. Kila mmoja akalima kwake."

"Basi ndivyo hivyo. Hifadhi ni shamba. Unapima kwanza kama linatosha wawili. Unaondoa mazao yaliyomo, unayaweka ghalani. Unaweka mpaka. Ndipo wa pili anaingia. Hili lilikuwa bustani ya mtu mmoja, na fundi hakuweka mpaka."

Melkizedek aliutazama mteremko. "Kwa hiyo yule fundi alilima shamba lote."

"Alilima lote, mzee."

"Na picha za dada yangu?"

Vaileth alisema angejaribu kuzitafuta. Alieleza kwamba kitu kikifutwa kwenye hifadhi ya aina hii, halafu kingine kikaandikwa juu yake, ni nadra sana kukipata. Hakutaka kumpa mtu matumaini asiyokuwa nayo. Alijaribu siku mbili. Hakupata kitu.

Mjomba alipoambiwa, alivua kofia yake, akaivaa tena. "Na zile nene nyeusi zilizokuwa dukani?"

"Zile ndizo mngeanzia," Vaileth alisema. "Si zote. Ila ukizikagua vizuri, ndani yake utapata inayofaa, tena kwa bei ya hiyo mpya au pungufu."

"Huyu alitaka kuniambia." Mjomba alimwonyesha Selestina kwa kidevu. "Nilimkatiza."

Selestina aliitazama miguu yake. Hakukataa.

Jioni hiyo Vaileth aliwafundisha wote wawili, na Filomena, ambaye alikuwa bado hajaondoka, alisikiliza akiwa anachambua mboga. Aliwaambia kwamba kwa mifumo miwili hifadhi isipungue giga mia mbili hamsini na sita, na iwe ya aina ya SSD, ambayo ni ya haraka. RAM iwe giga nane. Ikiwa nne, basi pawe na nafasi ya kuongeza nyingine. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, isiwe ya zamani sana, maana matoleo mapya ya Windows hukataa mashine za zamani. Kama ni ya kampuni ya Intel, waulize kizazi cha nane au zaidi. Linux haichagui sana. Mashine nyingi ambazo Windows mpya imezikataa, Linux huzitumia miaka mingine mingi.

"Na jambo kubwa kuliko yote," alisema, "usilipe kabla hujaiwasha. Linux inaweza kukaa kwenye flashi. Unaichomeka, mashine inaamka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani. Hapo unajaribu kila kitu. Muuzaji akikataa usiwashe, toka."

"Nailoni," mjomba alisema peke yake.

Tatizo lililobaki lilikuwa kupata hela ya pili. Kornelio, katibu wa kanisa, alikuwa anatafuta mashine ya kuchapia barua na matangazo. Vaileth aliirudishia laptop ndogo Windows yake, ikawa kama ilivyotoka dukani. Waliipeleka kwa Kornelio na kumwambia wazi inachoweza na isichoweza. Itachapa, itafungua barua pepe, haitabeba mifumo miwili, haitaongezwa. Kornelio aliridhika. Lakini kitu kilichokwisha kutumika hakirudishi bei yake yote. Pengo lilibaki. Melkizedek alisema waliache hilo kwake.

Siku ya kwenda Mikumi alikuja kwa miguu.

"Baiskeli iko wapi, mjomba?" Selestina aliuliza.

"Inatengenezwa."

Stesheni, walipokuwa wakingoja usafiri, mtu mwingine alipita nayo, imebeba mikungu. Mjomba aligeukia upande wa mto. Selestina naye akatazama huko huko.

Walimpitia Vaileth Kilosa, wakaenda naye hadi dukani. Muuzaji aliwakumbuka. Alimuuliza mzee kama amerudi kuchukua ya pili. Melkizedek alinyoosha mkono kuelekea rafu ya zile nyeusi.

"Tunataka kuzikagua hizo," alisema. "Nisaidie umeme."

Ya kwanza ilikuwa safi kuliko zote. Selestina aliiwasha huku akibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaotangulia mfumo wowote. Ikadai paswedi. Muuzaji hakuijua. Vaileth alieleza kwamba mashine ilitoka ofisini na kufuli lake, ufunguo ukabaki huko. Bila paswedi hiyo usingeweza kuiambia iamke kutoka kwenye flashi, na kuifungua ni gharama na bahati. Wakairudisha.

Ya pili ilikubali flashi. Linux iliamka, sauti ikasikika, herufi zote zikaandika. Lakini haikuona waifai yoyote, na simu ya Selestina ilikuwa hapo hapo inaitoa. Kifaa cha waifai kilikuwa kimekufa au hakielewani na Linux. Wakairudisha nayo.

Muuzaji alianza kuchoka. "Dada, mnapima kama madaktari. Wateja wengine huja, huchukua, huondoka."

"Hela hii ilichangwa msibani," Melkizedek alisema. "Haitachangwa tena."

Kijana aliwatazama. Alivuta waya wa umeme mrefu kutoka nyuma ya kaunta, akauweka karibu yao.

Ya tatu ilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye kifuniko na gundi ya kibandiko kilichobanduliwa. BIOS ilifunguka. Linux iliamka kutoka kwenye flashi, ikaona waifai. Selestina alijaribu vitufe kimoja kimoja, kamera, mwanga wa kioo, matundu yote ya flashi. Aliifunga kifuniko ilale, akaifungua, ikaamka. RAM giga nane, na nafasi moja tupu ya kuongeza. SSD ya mia mbili hamsini na sita. Prosesa ya kizazi cha nane. Betri tu ndiyo iliyokuwa imezeeka. Safari hii Selestina alizungumza mwenyewe. Aliomba abadilishiwe betri kwa ile ya mashine yenye paswedi, maana zilikuwa za aina moja. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema mpaka mwisho. Muuzaji alikubali, na kwenye risiti akaandika muda wa kuirudisha ikileta shida.

Hawakuipeleka kwa fundi. Waliketi mezani kwa Vaileth, Kilosa, na mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya Selestina.

Vaileth alimfundisha kuanza na Windows. Windows ikiwekwa mwisho, mara nyingi hujifanya iko peke yake. Kwanza nakala. Faili zote muhimu zilinakiliwa kwenye diski ya nje na kufunguliwa kuhakikisha zinasomeka. Kisha aliangalia kama Windows imeifunga hifadhi kwa ufunguo wa siri, akaziandika namba za ufunguo huo kwenye karatasi, asije akafungiwa nje. Akazima ule uwashaji wa haraka wa Windows, kwa sababu huiacha hifadhi nusu wazi, na mfumo wa pili unaweza kuiharibu. Ndipo, kwa kutumia programu ya Windows yenyewe ya kugawa diski, akapunguza eneo la Windows na kuacha sehemu tupu. Huo ndio ulikuwa mpaka.

Alichomeka flashi na kuanza kuweka Linux. Mashine iliuliza maswali madogo, halafu ikauliza moja kubwa. Futa diski yote, au weka Linux kando ya Windows?

Mkono wa Selestina ulisimama juu ya kitufe.

"Soma tena," Vaileth alisema. "Hakuna anayekufukuza."

Alisoma tena. Akachagua kando. Wakangoja. Mashine ilizima, ikawaka, na kwenye kioo cheusi yakatokea majina mawili, moja chini ya jingine. Aliingia Linux, ikafunguka. Akatoka, akaingia Windows, ikafunguka. Alifanya hivyo mara kadhaa kama mtu anayejaribu mlango uliowahi kumfungia nje.

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Ibada ilisomwa, chakula kikaliwa. Kisha ukoo wa mama ukakaa peke yake. Alfred alikuwa amekuja kutoka Ruhembe, mikono ina makovu ya miwa. Alikaa pembeni, kwa kuwa neno la siku hiyo halikuwa lake.

Melkizedek aliiweka laptop mezani. Kifuniko kilikuwa na mkwaruzo, na watu waliuona. Mzee mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti iliyosikika iwapo rambirambi siku hizi inanunua mitumba.

Melkizedek alisimama.

"Ni mtumba," alisema. "Nilinunua mpya kwanza. Niliinunua kwa ajili ya macho yenu, haikufaa kazi, na kwa ajili yake tumepoteza picha za dada yangu. Hii nimeinunua kwa ajili ya mtoto. Selestina, washa."

Majina mawili yalitokea. Selestina alieleza kwa maneno machache kila moja ni la kazi gani, na kwamba mazoezi yote ya chuo yamo humo, zaidi ya nusu ameshayamaliza. Alifungua akaonyesha. Wengi hawakuelewa walichokiona, lakini walielewa kwamba kazi imefanyika.

Filomena aliuliza swali lake. "Na Doto?"

Selestina alimtafuta Doto kwa macho. Hakuna mashine ambayo ingempa jibu la hilo. Filomena mwenyewe akaendelea.

"Nitamchukua mimi, aje kwangu Msowero," alisema. "Nilisema mtoto hawezi kungoja, sijasema nani amlee. Wewe nenda. Ila ukienda, umalize."

Doto aliondoka keshoye, kanga ya mama mkononi. Hakulia. Selestina alisema baadaye kwamba mtoto angelia ingekuwa afadhali.

Chuo kilifunguliwa. Selestina aliwasilisha mazoezi yote, ya Linux na ya Windows, na hakurudia mwaka. Laptop nyeusi haijamsumbua. Kila mwisho wa wiki hunakili kazi zake kwenye diski ya nje, na kila likizo nakala nyingine huiweka kwenye flashi inayokaa kwa Mwalimu Vaileth.

Mjomba Melkizedek hajapata baiskeli nyingine. Hubeba mkungu mmoja mmoja begani kushuka stesheni. Lakini wazazi wa Kidete wenye watoto vyuoni humwomba awasindikize Mikumi. Yule muuzaji akimwona anavuka barabara, huutoa waya wa umeme na kuuweka juu ya kaunta kabla hajaambiwa.

Likizo ilipofika, Selestina alikwenda Msowero. Doto alikuwa ameongezeka kimo. Aliitazama laptop ikiwaka, akayaona majina mawili.

"Mama yuko kwenye lipi?" aliuliza.

Selestina alikuwa amelisubiri swali hilo tangu masika. Safari hii hakusema habari ya chaji.

"Hayumo, Doto. Picha zilifutwa. Sikuweka nakala."

Doto alifikiri kidogo. Kisha alisimama, akaenda ukutani. Alinyanyua mkono juu, akaanza kutembea kando ya ukuta, haraka, haraka zaidi, kama mtu anayeifukuzia treni, akidai hela yake na kucheka. Kicheko kilikuwa cha mama yao chenyewe. Filomena, aliyekuwa jikoni, alitoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

"Rudia," Selestina alisema, na akainua simu.

Doto alirudia. Wote watatu walitaka kuitazama video hiyo hapo hapo. Selestina aliwaomba wangoje kidogo. Aliihamishia kwenye laptop, akainakili kwenye diski, akainakili kwenye flashi ya kumpelekea Vaileth, akafungua kila nakala kuona kama inacheza. Ndipo akaigeuza laptop wakaitazama.